Kabati la Kuficha Tangi la Maji Moto Nyumbani Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wenye nyumba za Mkomani, Langoni, Shela na mitaa ya jirani ambao tangi lao la maji moto limesimama wazi chooni au kwenye pembe ya msana (ukumbi mrefu mwembamba wa nyumba ya kale), na macho yamechoka kulitazama. Yanahusu zaidi tangi la umeme la lita 100 hadi 200 linalokaa sakafuni na kujazwa na tangi la maji baridi lililo juu ya paa. Kama lako limetundikwa ukutani, mengi yatakufaa pia, isipokuwa habari za sakafu.

Tangi la maji moto linaruhusiwa kufungiwa kabatini?

La umeme, ndiyo. Halichomi kitu, kwa hiyo halina moshi wala halihitaji hewa ya kuwakia. Sharti ni moja, na ukilishika hilo mengine yote yanafuata: kabati liwe mlango wenye fremu, lisiwe ukuta. Siku moja tangi litaharibika. Elementi inayopasha maji itaungua, vali itaanza kudondosha, au mwili wenyewe utatoboka kwa kutu. Siku hiyo fundi afungue mlango, afanye kazi yake, na ikibidi atoe tangi zima bila kushika nyundo. Kabati la kupendeza lililopigwa misumari pande zote ni hasara iliyopakwa rangi.

Na hita ya gesi, ile ndogo ya kutundika?

Hapana. Usiifungie kabatini, usiijengee sanduku, usiizibe hata kwa pazia. Hita ya gesi inavuta hewa ya chumbani na kutoa moshi. Ikikosa hewa ya kutosha gesi haiungui vizuri, na hapo inazaliwa monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu na inaua mtu akiwa anaoga. Vyoo vya nyumba zetu za mawe ni vidogo na madirisha yake ni matundu tu, hivyo hatari ni kubwa zaidi kuliko kwenye nyumba za kisasa. Hita ya namna hiyo mahali pake ni nje, kwenye kiwanda (ua wa ndani usio na paa) au ukuta wa juu ulio wazi, imekingwa mvua tu. Mtu akikwambia "mimi yangu ipo kabatini miaka na miaka wala sijadhurika", mshukuru Mungu pamoja naye, kisha yako iweke nje.

Kabati liwe na vipimo gani?

Usianze na kabati, anza na tangi. Matangi mengi ya lita 100 hadi 150 yana upana wa sentimita 45 hadi 55, lakini sufi au povu la kuzuia joto linaongeza, na mabomba yanaongeza tena. Pima sehemu iliyotokeza zaidi, halafu acha nafasi ya mkono kila upande, sentimita kumi hivi. Nyuma unaweza kubana kidogo ikiwa hakuna bomba.

Kipimo kinachosahauliwa na takriban kila seremala ni cha elementi. Elementi ni fimbo ndefu iliyozama ndani ya maji, na haitoki ila kwa kuvutwa moja kwa moja. Ikiwa imeingilia juu ya tangi, inaweza kufika sentimita 70, kwa hiyo juu ya tangi panatakiwa urefu huo huo uwe wazi, au dari ya kabati iwe ya kuinuliwa. Ikiwa imeingilia ubavuni ni fupi zaidi, lakini ubavu huo ndio lazima uelekee mlangoni. Pia spana yake ni kubwa, ya duara, na inahitaji nafasi ya kuzungushwa. Fimbo ya magnesi, ambayo nitaieleza mbele, ina mahitaji yale yale.

Halafu pima njia. Tangi jipya likishuka jetini litapandishwa kwa mkokoteni au punda, lipite vichochoro, liingie daka la mlango wa mbele, likunje kona na kupanda ngazi zetu zilizosimama wima. Si ajabu tangi kufika mlangoni likashindwa ngazi. Mlango wa kabati ukiwa mwembamba kuliko mlango wa chumba, umejitengenezea kikwazo cha mwisho kwa mikono yako.

Sakafu ya boriti itahimili?

Lita 150 za maji ni kilo 150. Ongeza chuma cha tangi na mbao za kabati, unakaribia mifuko minne ya saruji iliyosimama juu ya duara la nusu mita, usiku na mchana, miaka yote. Sakafu za mawe na chokaa juu ya boriti za mkoko zimebeba vizito tangu zamani, ila zilibeba uzito uliotandazwa.

Weka tangi karibu na ukuta ambao vichwa vya boriti vimeingia. Usiliweke katikati ya chumba. Chini yake laza mbao nene mbili au tatu zinazokatiza boriti, ili mzigo ugawane kwenye boriti kadhaa usikae juu ya moja. Kabla ya yote, nenda chumba cha chini utazame juu. Boriti iliyo nyeusi, inayotoa unga au inayozama ukiichoma kwa bisibisi, ishughulikiwe kwanza. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti zina urefu wake, na hilo linakusaidia: nguzo ya ukuta haiko mbali popote utakaposimama.

Ghorofa ya chini hakuna haja ya hesabu hii yote.

Fremu ishikweje kwenye ukuta wa matumbawe?

Ishikwe kwa uchache. Jiwe la matumbawe lina matundu na ni laini, drili ya kugonga inalipasua kwa ndani na tundu linakuwa kubwa kuliko skrubu. Tumia drili ya kuzunguka tu bila kugonga, na uzito wote wa kabati ukae sakafuni kwa miguu yake yenyewe, ukuta uzuie kabati lisiyumbe na basi. Skrubu nne zinatosha: mbili juu, mbili chini.

Fundi akitaka kuziba pengo kati ya fremu na ukuta kwa saruji, mkatalie. Ukuta wa chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Saruji huuzuia, chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya muda plasta ya kale inabanduka vipande. Pengo liachwe, au lifunikwe kwa ubao mwembamba uliochongwa kufuata mawimbi ya ukuta. Kuta zetu hazijanyooka na hazitanyooka kwa ajili ya kabati. Seremala mwenye pima maji na subira atachora umbo la ukuta kwenye ubao na kuukata hivyo.

Naweza kulisukumia tangi ndani ya ukuta penye vidaka?

Usiguse vidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyo ukutani. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kazi ya plasta ya ndani ya nyumba ni sehemu ya sababu. Kazi yoyote ya kutoboa, kubomoa au kubadili umbo la nyumba ya kale ipitie kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa walio hapa mjini. Kabati linalosimama lenyewe, linaloweza kuondolewa bila kuacha alama, halina ugomvi na mtu. Hii ni sababu nyingine ya kupenda skrubu nne kuliko ishirini.

Mbao gani?

Unyevu wa bahari, mvuke wa choo, joto la tangi na mchwa, vyote mahali pamoja. Kwa fremu, mbambakofi au mvule ukiweza, maana mchwa hawana hamu nazo. Pesa ikiwa haitoshi, saiprasi iliyotiwa dawa inafaa, mradi miguu isiguse sakafu yenye maji: iinue kwa vipande vya mbao ngumu au jiwe. Kwa mbavu, plaiwudi ya baharini, ile ya mafundi wa boti, na kingo zake zipakwe rangi au vanishi kabla ya kufungwa, kwani maji huingilia kwenye kingo. Mwembe ni mbao nzuri kwa kuchonga lakini wadudu wanaupenda kuliko sisi.

MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, acha. Inafika ikiwa nyororo kama ilivyo dukani, na masika ya kwanza inavimba miguuni.

Bawaba na skrubu ziwe za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kilichopakwa zinki hakistahimili hewa yetu, na bawaba iliyoganda kwa kutu inarudisha kabati kuwa ukuta.

Nataka mlango wa nakshi. Inawezekana?

Inawezekana, na seremala wa Lamu hawakosekani. Ushauri wangu ni kuweka nakshi kwenye sehemu moja, kwa mfano ubao wa juu, na kuacha mbao za mlango nyepesi. Mlango mzito hulegeza bawaba, na huu utafunguliwa na watu wasiokuwa na mapenzi nao, mmoja ameshika spana.

Umbo la mlango wa Kiswahili linafaa hapa kuliko watu wanavyodhani. Milango yetu ina mbao mbili na mfaa katikati, na mfaa umepigiliwa kwenye ubao mmoja, hausimami kwenye fremu. Ukifungua mbao zote mbili, uwazi wote unabaki huru bila nguzo ya kati. Ndivyo kabati la tangi linavyotakiwa. Pia mbao mbili nyembamba hazihitaji nafasi kubwa ya kufungukia, jambo la maana kwenye choo au msana mwembamba. Kama hata hizo hazina nafasi, tengeneza paneli ya kunyanyua na kuondoa, yenye ndoana juu na komeo mbili chini.

Lazima liwe na matundu ya hewa?

Ndiyo, ingawa si kwa sababu ya moshi. Hewa inatoa unyevu, inalinda nyaya zisikae kwenye joto, na harufu ya uvundo inakufikia mapema pakianza kuvuja. Acha uwazi wa sentimita tano hivi chini na mwingine juu, hewa ya baridi iingie chini na ya joto itokee juu. Luva zinapendeza, na kimiani cha vipande vya mbao kinapendeza zaidi. Tia wavu mwembamba kwa ndani, panya na mende nao wanapenda joto.

Tangi lisilo na koti la povu liletewe koti kabla ya kabati. Sanduku la mbao peke yake halizuii joto vya kutosha, na utalipa umeme wa kupasha moto kabati.

Maji yanadondoka kwenye bomba la vali. Nizibe?

Usizibe kamwe. Swali hili huja mara nyingi zaidi baada ya kabati kujengwa, kwa sababu bomba la vali lilikuwa linadondosha chini bila mtu kujali, na sasa linalowesha ubao.

Maji yakipashwa moto yanatanuka. Lita 150 zikitoka nyuzi 28, ambazo ni kawaida ya maji ya tangi la paani hapa, hadi nyuzi 60, zinaongezeka kiasi cha lita mbili. Lita hizo lazima ziende mahali. Kwenye mfumo ulio wazi zinarudi juu kwa bomba la maji baridi, na pia lipo bomba la hewa linalopanda hadi juu ya tangi la paani. Kwenye mfumo wa shinikizo, unaosukumwa na pampu, zinaingia kwenye kitangi cha kutanukia au zinatokea kwenye vali. Vali ya usalama iko pia kwa siku ambayo kidhibiti joto kimeharibika na maji yanaelekea kuchemka. Ukiziba hapo, tangi linageuka bomu, na sisemi hivyo kwa kupamba maneno.

Kwa hiyo: bomba la vali litoke nje ya kabati, lishuke muda wote bila kupanda, liishie mahali unapoliona na ambapo halitamwagia mtu. Liwe la shaba, kwa maana plastiki ya kawaida hulainika kwa maji ya kuchemka. Bomba la hewa nalo lisikatwe wala kupindwa ili dari ya kabati ikae vizuri. Toboa dari. Kudondosha kidogo wakati wa kupasha ni kawaida kwa mifumo mingine. Kudondosha siku nzima si kawaida, mwite fundi bomba.

Umeme uwekwe vipi?

Kazi hii ni ya fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Wewe unatakiwa kujua vya kuuliza. Elementi ya kilowati 3 kwa volti 240 inavuta ampea 12.5, na inazivuta kwa muda mrefu bila kupumzika, kwa hiyo isichomekwe kwenye soketi ya kawaida. Iwe na waya wake kutoka kwenye boksi kuu, wa milimita za mraba 2.5 au zaidi, na swichi ya ampea 20 inayokata nyaya zote mbili. Kipande cha mwisho kinachoingia kwenye elementi kiwe waya wa kustahimili joto.

Swichi ikae nje ya kabati na nje ya choo, iwe na taa. Ukiificha ndani utasahau kuizima, na siku ya hatari utakuwa unatafuta komeo. Waya wa ardhi ukaguliwe. Nyumba nyingi za kale ziliingiziwa umeme kipande kipande, na zipo ambazo waya huo unaishia kwenye plasta.

Hesabu yenyewe inatia moyo: kupandisha lita 150 kutoka nyuzi 28 hadi 60 kunachukua yuniti 5.6 hivi, yaani chini ya saa mbili. Hakuna haja ya kuwasha siku nzima. Ila usishushe kidhibiti chini ya nyuzi 60 ili kuokoa senti, kwani bakteria wa lejionela hustawi kwenye maji ya vuguvugu. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, hivyo penye watoto au wazee weka vali ya kuchanganya karibu na shawa.

Naweza kuweka nguo humo zikauke?

Rafu moja ya vipande vya mbao vilivyoachana, juu ya tangi, ni raha tupu wakati wa masika. Kanzu na mashuka hayashiki ukungu. Iwe ya kuchomoka, kwa ajili ya elementi. Nguo zisigusane na kifuniko cha elementi wala nyaya, na usishindilie hadi hewa isipite. Mafuta ya taa, rangi, mtungi wa gesi ya kupikia, hapana.

Mama mmoja aliuliza kama anaweza kuingiza chetezo humo, nguo zifukizwe udi kwa wakati mmoja. Mama, chetezo lina makaa, na kabati ni la mbao. Fukiza nje kama ilivyo ada, kisha zipange rafuni, harufu itakaa.

Maji yetu yana chumvi. Yanahusiana nini na kabati?

Yanahusiana sana, kwa sababu ndiyo yanayoamua utalifungua mara ngapi. Maji ya visima vya mchangani Shela ni afadhali, ya visima vingi vya majumbani mjini ni ya chumvi na chokaa. Chumvi inakula chuma, na chokaa inajenga ganda jeupe juu ya elementi hadi inaungua. Tangi la chuma lenye kauri ndani huwa na fimbo ya magnesi inayoliwa badala ya tangi. Ikiisha, zamu ya tangi inaanza. Kwenye maji ya kisima usingoje muda ulioandikwa kwenye karatasi ya kiwandani, itazame kila mwaka. Tangi la chuma kisichoshika kutu nalo halisalimiki kabisa: chumvi huingilia kwenye maungio yaliyochomelewa.

Koki ya kumwagia iliyo chini ya tangi ielekee mlangoni, na mpira wa maji uweze kufungwa hapo na kufika kwenye mfereji. Vinginevyo utamwaga lita 150 kwa kikopo.

Likivuja ndani ya kabati nitajuaje?

Hili ndilo tatizo halisi la kuficha. Tangi lililo wazi likianza kulia machozi unaliona asubuhi. La kabatini linaweza kulowesha boriti miezi mingi, na wa kwanza kugundua ni aliye chumba cha chini.

Tia sinia pana chini ya tangi, la plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, lenye bomba linalotokea nje mahali unapopita kila siku. Bomba hilo likitoa maji, kuna jambo. Lisiachwe na maji yaliyotuama, mbu hawachagui, na humo huwezi kufuga samaki wa kula viluwiluwi kama kwenye birika la mawe la chooni. Kwa ndani paka kabati chokaa au rangi nyeupe. Kutu na unyevu huonekana papo hapo juu ya weupe, ilhali vanishi ya kahawia inasitiri kila aibu.

Si bora nilipeleke paani tu?

Kama ni la jua, huko ndiko kwake, ila uliza kwanza kuhusu sura ya paa kwa nyumba ya Mji wa Kale. La umeme likiwa chini ya makuti, jua na hewa ya chumvi vinalimaliza haraka, na nyaya karibu na makuti makavu sizipendi.

Nani aanze, seremala au fundi bomba?

Fundi bomba, kisha fundi umeme. Tangi lijazwe, lipashwe, lipoe, lipashwe tena, na maungio yapapaswe kwa karatasi kavu. Likikaa wiki bila kudondosha, seremala apime na aanze. Akiwahi kabla yao, watakata kazi yake. Hati za tangi, tarehe ya kuwekwa na tarehe ya fimbo ya magnesi ziandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa mlango. Na kabla hujampa seremala salio lake, mwite fundi bomba aje na spana yake, afungue mlango, atoe elementi yote na kuirudisha mbele yenu wote wawili, umeme ukiwa umezimwa na maji yamemwagwa. Akishindwa, kabati halijaisha.